Jenerali wa Mawe ya Kambu

Jumatatu, 19 Januari

Mimi Nzau, mwana wa Muthama, ndiye mwendesha pikipiki hatari kuliko wote waliowahi kuzaliwa kati ya Nairobi na Mombasa. Ndovu wa Tsavo akitaka kuvuka lami hapa Kambu, huangalia kushoto, huangalia kulia, halafu huuliza kwanza kama Nzau ameshapita. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na vitu vya kunifundisha. Mwalimu wa hesabu ana maelezo mengine, lakini hakuna aliyemuuliza.

Naanza kuandika leo kwa sababu mambo makubwa yanakuja, nayasikia magotini. Na hapa kwetu wenye mwandiko unaosomeka ni mimi na pasta, na pasta ana kazi nyingi.

Jumatano, 21 Januari

Ndengu zimekauka. Mwethya umekuja kwetu kuzipiga. Kama wewe msomaji ni wa Nairobi, pole, nitakueleza: akina mama wanafanya kazi kwa mmoja leo, kwa mwingine kesho, wakiimba, na mtu akikuta mwethya unaendelea hapiti na mikono mitupu. Hata awe nani. Leo chifu alikuwa anapita zake, akashika fimbo, akapiga ndengu kidogo, akaendelea na uchifu wake. Tumelelewa hivyo. Mikono inajua kabla ya kichwa.

Mimi nilipiga kwa nguvu mpaka mwaitu, yaani mama yangu, akasema, "Nzau, hizo ni ndengu, si nyoka."

Wote walicheka. Wivu tu.

Jumamosi, 24 Januari

Jua. Hakuna kingine.

Jumapili, 1 Februari

Dada yangu Kathini amerudi nyumbani na tumbo mbele yake kama tikiti maji la Makindu. Mwenye tumbo ni Mbithi wa Ikutha, anayepakia mizigo Mombasa. Mtu mzuri, ana mabega, ucheshi hana.

Shida ni moja. Ntheo haijaletwa. Kwetu msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao, hata akikaa na huyo mwanamume mpaka meno yawatoke wote wawili. Na mtoto akizaliwa kabla ya hao mbuzi, ni wa kwa kina mama yake: atapewa jina la kwetu, si la kwao. Mzee Nzioka, baba yake Mbithi, hajawahi kupata mjukuu wa kiume. Anataka jina lake lipate mtu kabla hajafa. Tarehe imewekwa: Jumamosi tarehe 28. Mtoto anatarajiwa Machi.

"Akitoka mapema je?" nikauliza.

"Huyu ananisikiza," Kathini akasema, akijipigapiga tumbo. "Si kama wewe."

Mzee mwenyewe sijawahi kumwona. Nasikia ni mtu wa maneno machache. Tutaona nikimkalisha na hadithi zangu.

Jumamosi, 7 Februari

Nimebeba watu wanne, godoro na kuku mmoja kwa safari moja. Kuku ndiye aliyelalamika.

Jumapili, 15 Februari

Petroli imepanda tena! Sasa hivi ninavyoandika kalamu imetoboa karatasi kwa hasira. Ukijaza tangi asubuhi, jioni umemfanyia kazi mwenye pampu. Ndululu, mwenyekiti wetu wa bodaboda, alituita nyuma ya stendi baada ya kanisa. Huyo jamaa akiongea hata mawe husimama wima.

"Wale wa Nairobi hawasikii kwa masikio," akasema. "Wanasikia kwa barabara. Kesho Kambu inafungwa. Nani atakuwa mbele?"

Utadhani unauliza simba kama anakula nyama. Nilishanyoosha mkono kabla hajamaliza.

Jumatatu, 16 Februari

HISTORIA IMEANDIKWA NA MIMI NILISHIKA KALAMU!

Tuliamka na giza bado, tukapanga mawe lami nzima, tukaweka gogo la mwarubaini ulioanguka, tukachoma tairi mbili. Kufikia saa tatu, malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, upande wa Kibwezi na upande wa Mtito. Mabasi, mafuta, saruji, magari ya harusi, kila kitu kimesimama kwa sababu Nzau amesema simama. Ndululu alinipa filimbi na cheo. Jenerali! Nikipiga filimbi mara moja, vijana wanakaa. Mara mbili, wanasimama. Nilipiga mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika.

Na umati wote ulikuwa wetu. Abiria walitupigia makofi. Dereva mmoja wa trela akaning'inia dirishani, "Kazeni hapo hapo! Hiyo bei inatuua hata sisi!" Wauza machungwa wakauza mpaka yale yaliyooza. Mwaitu aliuza matikiti yake yote kabla ya saa saba, na mimi nikampigia saluti. Alicheka, aki alicheka, nilimwona.

Tumesikia Emali pia wamefunga. Wameiga.

Jumanne, 17 Februari

Leo ni kurasa nyingi, kaa chini.

Asubuhi nilikuta watu wamebadilika nyuso. Wale wa makofi ya jana wamelala ndani ya basi, watoto wanalia, na hakuna anayenunua kitu kwa sababu pesa ya jana ilikuwa ya safari. Na magari mapya hayaji; nani ataleta gari mahali pamefungwa? Wauza machungwa walikaa na mirundo yao wakitutazama sisi, si barabara.

Wa kwanza kunijia ni Isnino, mama Kowsar, mwenye hoteli ya madereva. Mimi siku zote nilisema huyo mama ni mkono wa birika. Chai yake ukiomba sukari ya pili anakuangalia kama umemwomba figo. Leo nikamkuta anagawa maji na mandazi kwa watoto wa kwenye mabasi, bure.

"Nzau," akasema, "keshokutwa sisi tunaanza kufunga. Tende zangu ziko ndani ya lori lile la bluu. Nikupe nini ulipitishe?"

"Mama Kowsar, huu ni mgomo wa kukutetea wewe pia."

"Kunitetea? Mimi pia nanunua gesi na petroli ya jenereta, naumia kama wewe. Lakini mtu akinyonga shingo yangu, hata akisema anamtishia jirani, anayekosa pumzi ni mimi." Akageuka. "Na chai kwangu leo hakuna. Jenerali anywe moshi."

Vijana walicheka. Nikapiga filimbi, wakanyamaza. Filimbi ni kitu kizuri.

Halafu mwaitu. Hakuja kupiga kelele. Alisimama mbele ya gogo, mikono kiunoni, kile kimya chake cha kabla ya mvua ya mawe.

"Nzau. Lori la kununua ndengu limegeuza huko Kibwezi, limerudi. Ndengu zetu, na za jirani yetu Mbithe, na za wale wote waliokuja kutupigia. Zimebaki kwa magunia."

"Mwaitu, ni siku mbili tatu tu, bei ishuke."

"Nani amekataa bei ishuke? Hata mimi nataka. Lakini hii barabara ndiyo shamba letu la pili. Sasa wewe unamkomesha mwizi kwa kuchoma ghala la mama yako?"

"Mwaitu, mimi ni jenerali hapa, usiniaibishe."

"Jenerali amekunywa uji?"

Hapo ndipo niliposhindwa, kwa sababu sikuwa nimekunywa. Akaenda. Baadaye simu ikaanza: mwaitu, mwaitu, Kathini, mwaitu. Nilijua ni mambo ya uji na ya ndengu. Nikaizima. Jenerali hapigiwi simu na mama yake vitani.

Sasa sikiliza hii, ni tamu. Wafanyabiashara wa mbuzi walikuwa wametuona wajinga. Wanashusha mbuzi upande wa Kibwezi, wanawapitisha kwa miguu kando ya mawe kama watu wanaoenda kunywesha, halafu wanapakia gari lingine upande wa Mtito, hao Mombasa! Mgomo unavuja kama ndoo. Tulipowashika, wa kwanza akasema, "Hawa ni wa ntheo, jameni, naenda kuoa." Tukampitisha na baraka. Wa pili naye ni wa ntheo, na mbuzi wake walikuwa kumi na mmoja! Basi nikatoa amri: mbuzi hapiti. Awe wa ntheo, awe wa Krismasi.

Mchana, jua likiwa utosini, akatokea mzee mmoja kutoka upande wa Kibwezi. Ametembea foleni yote ile. Koti la kanisani, viatu vilivyokuwa vimeng'aa kabla ya vumbi, na kwa kamba anavuta mbuzi wawili. Nikubali, walikuwa mbuzi kweli. Wasafi, pembe nzima, masikio mazima, wanatembea kama wamefundishwa.

"Kijana, nipishe."

"Rudi, buda. Biashara imefungwa."

"Si biashara. Ni mbuzi wa ntheo. Na nina haraka."

Lo! Vijana walianguka chini. "Wa tatu!" nikapaza sauti. "Leo Kambu nzima inaoa! Na mimi mnitafutie!"

Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Aliniangalia kutoka kofia mpaka sandali za tairi. Halafu akauliza lile swali la wazee, lile wanalouliza wakitaka kukupeleka nyumbani kwa sikio:

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwona Ndululu ananitazama. Nikaona vijana wote wanangoja. Jibu likanijia lenyewe, kama mimi ndiye niliyetunga lugha.

"Mimi ni mtoto wa barabara!"

Kelele ilivyopanda hapo, sijui kama walisikia mpaka Mtito Andei. Nyamai, yule wetu wa mabavu, alinibeba mabegani. Huko juu nilimwona mzee anageuza mbuzi wake polepole.

"Basi umsalimie baba yako," akasema, akarudi alikotoka.

Nimeitwa Mtoto wa Barabara jioni yote. Nadhani ni jina litakalokaa.

Nilipofika nyumbani nikakuta mlango umefungwa. Jirani akasema Kathini amepelekwa kituo cha afya tangu saa tisa. Amejifungua! Mvulana! Mapema hivyo! Mimi ni mjomba! Siku moja jenerali na mjomba, nani mwingine ana siku kama hii?

Jumatano, 18 Februari

Hii ya leo hamtaamini, na mimi nilikuwa hapo na bado siamini.

Ndululu alitupanga mapema. Amesikia kwamba huko Emali wachuuzi na abiria wamewafukuza vijana, na kwetu pia wananchi wanapanga kuja. "Waje," akasema. "Mawe hayaguswi." Tukashika fimbo, tukasimama mstari, mimi katikati na filimbi mdomoni.

(Kabla sijaendelea: asubuhi hiyo nilimfuata Ndululu kwenda kukojoa, nikaona jambo. Nyuma ya vichaka kuna kinjia, na pikipiki yake mwenyewe, inaendeshwa na shemeji yake, inavusha abiria waliokwama kutoka upande huu kwenda ule, kwa bei ya kumfanya mtu auze kiatu. Nilimtazama. Akasema, "Uongozi una gharama." Nikarudi kwenye mstari, lakini filimbi ilikuwa imeanza kuwa na ladha mbaya.)

Basi wakaja. Nilitegemea mawe, matusi, pengine madereva na marungu. Nikasikia wimbo.

Ulikuwa mwethya. Akina mama wote wa upande wetu, leso kiunoni, karai kichwani, majembe begani, mwaitu mbele akianzisha. Hata hakuwa amelala, alitoka moja kwa moja kwa Kathini. Kando yake Isnino, haujui wimbo lakini anapiga makofi mahali pake. Nyuma yao madereva na abiria, kimya kabisa kama watu wa kanisa geni.

"Kazi hii ya nani?" mwaitu anaimba.

"Ni yetu!"

"Na jiwe hili la nani?"

"Ni letu!"

Hawakutuangalia. Hata mara moja! Walituzunguka kama sisi ni miti. Mama mmoja akainama, akachukua jiwe, akampa mwingine, akampa mwingine, mpaka kwenye ule mtaro kando ya soko uliochimbwa na maji mwaka jana, na huko wakaanza kuyapanga vizuri, ukuta wa kuzuia mmomonyoko, kama wanavyofanya shambani. Mawe yangu! Yale niliyoyachagua moja moja!

Nikaweka filimbi tayari. Ndululu akapiga kelele, "Simameni imara!"

Susu yake Mbithe, yaani bibi yake, mwanamke wa umri wa miti, akashika ncha ya gogo la mwarubaini. Halikusogea. Akajaribu tena, anaimba huku anahema. Na Nyamai, Nyamai wa mabavu, aliyeapa kufia pale, akaweka fimbo chini, akainama, akashika ncha ya pili.

Hakufikiri. Nilimwona uso, hakufikiri. Mikono ndiyo ilienda.

Baada ya hapo sijui nikueleze vipi. Wimbo umekolea, kila mtu anasogea kwa mpigo mmoja, na wewe umesimama mikono mitupu mbele ya mwethya, na mgongo unawasha kama umesimama uchi. Mmoja akainama. Wawili. Nikapiga filimbi, ikatoa sauti kama ya kuku. Nikashtuka nina jiwe mikononi, jiwe kubwa, na naitikia, "Ni letu!"

"Nyinyi!" Ndululu alikuwa anaruka. "Mnabeba upande gani?"

"Nyamaza ubebe!" Susu akamjibu bila kugeuka.

Hata afisa mmoja wa wale polisi waliokuwa wamekaa kivulini siku zote mbili alisogeza tairi lililoungua kwa ncha ya kiatu, akajifanya ni bahati mbaya.

Lori la kwanza kupita lilikuwa lile la bluu. Dereva alipiga honi mpaka ndege wakahama. Isnino alirukaruka kama msichana. Na mwaitu, akipita mbele yangu na karai, alisimama akanipa kikombe.

"Uji, jenerali."

Nilikunywa wote. Sikuona aibu hata kidogo, nasema ukweli. Kama ni kushindwa vita, hakuna aliyewahi kushindwa vizuri kama sisi.

Alhamisi, 19 Februari

Mikono imechubuka. Lori la ndengu limerudi. Isnino alinitumia tende kwa mkono wa Kowsar. Tamu.

Ijumaa, 20 Februari

Leo ni siku ya tatu, mtoto amepewa jina. Akina mama walikaa ndani, mimi nikasikiliza dirishani.

"Mbuzi hawakuwahi," mwaitu alisema. "Mtoto ni wa hapa. Ni Muthama." Jina la baba yetu, aliyefariki nikiwa darasa la saba. Akina mama wakapiga vigelegele, mimi pia karibu nipige.

Halafu nikamsikia Kathini analia. Si kilio cha maumivu.

"Mzee Nzioka alikuja, mwaitu. Nilimpigia Jumanne asubuhi uchungu ulipoanza. Hakungoja Mbithi wala nani, akachukua mbuzi wake wawili akatoka. Amefika hapa hapa Kambu. Vijana wa mgomo wakamrudisha."

"Na Nzau nilimpigia akampokee barabarani," mwaitu akasema. "Simu imezimwa. Sijui alikuwa upande gani wa foleni."

Kuna upepo leo.

Jumatatu, 23 Februari

Nimebeba abiria kumi na wawili. Hakuna hadithi.

Jumamosi, 28 Februari

Ntheo imefika, tarehe ile ile iliyopangwa. Wakaja kutoka Ikutha wamejaa gari mbili, Mbithi na shati jipya, mablanketi, sukari, na wale mbuzi. Niliwatambua kabla ya kumtambua mtu yeyote. Mmoja alinitazama kama ananidai.

Nilijificha jikoni na akina mama. Nikakata nyama. Nikakata vitunguu, mimi! Kathini akaniuliza kama naumwa. Mwaitu akanipa birika na beseni, "Nenda ukanawishe wageni mikono. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii."

Nilianza na wa mwisho nikiomba maji yaishe. Hayakuisha. Nikafika kwa mzee. Koti lile lile. Akanyoosha mikono, nikamwaga maji, nikaangalia beseni tu. Maji yalikuwa yanamwagika pembeni.

Akanishika kifundo cha mkono, taratibu, watu wakiendelea kuongea.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Muthama," nikasema. Sauti ilitoka kidogo sana.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu mfukoni akakipata siku gari limeshaondoka.

"Ungesema mapema," akasema. Akajipangusa mikono.

Baadaye Kathini alimletea mtoto. Alimpakata kwa muda mrefu. Akauliza jina, ingawa lazima alikuwa ameshaambiwa.

"Muthama," Kathini akasema, akiangalia chini.

"Ni jina zuri." Akamfunika mtoto mguu uliotoka nje. "Letu litangoja."

Ana miaka themanini na kitu.

Watu walikula, waliimba, Mbithi alicheka mara moja, ilikuwa ntheo nzuri kuliko zote nilizoona. Mzee hakusema neno lingine kunihusu, kwa mtu yeyote.

Jumanne, 17 Machi

Mvua ya kwanza! Imepiga mabati usiku kucha na asubuhi tumekimbia wote kuona ule mtaro wa soko. Ukuta umeshika. Maji yamekuja na hasira yote yakakutana na mawe ya Nzau, yakageuka kwa adabu. Nimewatangazia watu kwamba huo ni ukuta wangu, kwamba nilianza kuukusanyia mawe tangu tarehe kumi na sita, na hakuna anayeweza kunipinga. Bei ya petroli nayo imeshuka kidogo juzi. Nimesema ni mimi. Ndululu si mwenyekiti tena. Tulipiga kura kumwondoa, na nilishinda isipokuwa kura zilikuwa za Nyamai. Isnino sasa ananipa sukari ya pili bila kuniangalia vibaya. Ndengu zimeuzwa. Kila kitu kimekwenda sawa.

Isipokuwa kimoja.

Kathini anaondoka kesho kwenda Ikutha na mtoto. Sasa hivi namsikia kule ndani anambembeleza: Muthama, Muthama, nyamaza. Anaita hivyo tangu asubuhi. Ndilo jina nililoulizwa barabarani, jua utosini, na lilikuwa hapa mdomoni, na kama ningelitaja mzee angenijua, angepita, mbuzi wangefika kabla ya saa tisa, na huyu mtoto angeitwa Nzioka.

Kathini bado anasema ni mgomo uliomrudisha. Nimemwacha aseme hivyo mwezi mzima. Haukuwa mgomo. Ni mimi.